Kila Nikitaka Kwenda Zanzibar, Aliniambia Si Msimu Wake

Honi ya meli ilinifikia mara mbili kwa mpigo.

Kwa sikio la kushoto niliisikia ikitoka dirishani, bandarini kwetu Kigoma.

Kwa sikio la kulia niliisikia ikitoka kwenye simu.

Ishu ni moja tu. Mwanaume niliyekuwa naongea naye kwenye hiyo simu alikuwa Zanzibar.

Kisha nikamsikia anakohoa, kile kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua.

"Huko kwenu meli nyingi, eh?" nikamuuliza.

"Nyingi sana," akajibu fasta. "Hapa Zanzibar ni meli tu kutwa nzima. Mpaka kero."

Sasa wewe usiyeijua Kigoma ngoja nikueleze. Kuna meli moja ya mizigo inatoka Bujumbura, honi yake mbovu. Ikianza inakoroma, inakatika katikati kama mzee aliyepaliwa na uji, halafu inamalizia kwa kilio chembamba. Watoto wa hapa wanaiigiza wakicheza. Honi ya namna ile hakuna nyingine.

Na ndiyo hiyo niliyoisikia "Zanzibar".

Mimi naitwa Bibiana. Nashona nguo Katubuka, kibanda changu kimepakana ukuta na saluni ya shoga yangu Yasmini. Ukipita pale ukasikia wanawake wanacheka mpaka cherehani imesimama, ujue umefika.

Huyo wa kwenye simu nilimfahamu kama Kapteni Leo.

Tulianza hivi. Mwaka jana katikati ya kiangazi nilikuwa nimejiwekea lengo: kabla sijazeeka niione Zanzibar. Sikutaka kusimuliwa wala kuonyeshwa picha. Nilitaka nikanyage mchanga mweupe, nile urojo, nipige picha niwatumie wote walionicheka.

Nikakuta ukurasa mmoja mtandaoni, kazi yake kuwaelekeza watu msimu mzuri wa kwenda visiwani. Nikaandika swali langu: "Mimi niko Kigoma, nataka kuja Zanzibar. Nije mwezi gani?"

Akajibu mwenye ukurasa mwenyewe. Kapteni Leo.

Jamani, yule mtu anajua kuandika! Hakunijibu kama wale wanaokwambia "njoo inbox". Aliniuliza mimi napenda nini. Kuogelea au kutembea? Kelele au utulivu? Naogopa joto au naogopa upepo? Hakuna mwanaume aliyewahi kuniuliza maswali mengi namna ile bila kuniuliza naishi na nani.

Kutoka kwenye swali la msimu tukaingia kwenye habari za kazi. Kutoka kwenye kazi tukafika kwenye "umekula?" Na ukishafika kwenye "umekula", dada yangu, jua umeshaondoka.

Picha yake alinitumia moja tu. Kavaa kofia na miwani ya jua, nyuma yake ukuta wa bluu. Nikasema huo ukuta lazima ni wa hoteli.

Nikamwambia, "Basi nakuja mwezi huu huu."

"Mwezi huu?" akashtuka. "Bibiana, huu ni msimu wa wageni. Vyumba vimejaa, utalala kwenye kochi. Vuta subira."

Nikavuta.

Ulipofika Septemba nikamwambia tena. Akasema upepo wa kusi bado una hasira, bahari imechafuka, nitatapika mpaka jina langu. Oktoba akasema vuli inanukia. Novemba vuli ikawa imefika. Desemba sikukuu, watu wamebanana. Januari jua la kaskazi, "rangi yako nzuri hiyo itaharibika."

Februari ndiyo ilinichekesha. Alisema Februari ni fupi.

Fupi! Kwani nilikuwa nakwenda kuipima?

Machi akaleta masika. "Usije masika, Bibiana. Nakuomba. Mtu mwenye akili haji Zanzibar masika."

Nikaitazama kalenda ukutani, nikaona mwaka mzima umeisha. Kumbe duniani hakuna mwezi wa mimi kwenda Zanzibar.

Wakati huohuo nyumbani hakukaliki. Mama yangu kila ikiingia kadi ya harusi ya mtoto wa jirani ananitazama kwa jicho la pembeni. Kulikuwa na Feliksi, kaka mmoja mpole mwenye duka la vipuri vya pikipiki, ambaye mama alikuwa ameshamkubali moyoni. Mimi nikawa nasema, "Nina mtu wangu Zanzibar."

"Ana miguu huyo mtu?" mama akaniuliza siku moja.

"Anayo."

"Basi aitumie. Pasaka ikipita hajaja, wazee wa Feliksi nitawafungulia mlango."

Hapo sasa. Nilikuwa nimeshajitamba kila mahali kwamba na mwanaume wa Kigoma siolewi. Hata Leo mwenyewe nilimwandikia hivyo mwanzoni kabisa: wanaume wa huku nimewachoka, hadithi yao ni dagaa na mpira tu. Nikirudi kuolewa na Feliksi, Katubuka nzima itanicheka mpaka mwakani.

Ndipo ikalia ile honi.

Aliponijibu habari za meli nilikata simu, nikatoka mbio na sindano mdomoni, nikaingia saluni.

"Yasmini! Zanzibar kuna meli yenye pumu?"

Yasmini alikuwa anamsuka mteja. Nikamsimulia. Akaacha kusuka, akanyoosha mkono. "Lete picha."

Mpaka siku ile sikuwa nimemwonyesha mtu ile picha. Niliogopa macho ya watu. Yasmini akaitazama, hakumjua. Lakini yule mteja, dada mmoja anaitwa Marcelina, akanyoosha shingo huku kichwa kimesukwa nusu.

"Huyu si Leodgar wa kwenye barafu?"

"Leodgar nani?"

"Leodgar wa Bangwe. Anafanya kazi mtambo wa barafu, wanaowauzia wavuvi. Mtoto wa Mama Veneranda. Na huo ukuta wa bluu ndio wa mtambo wenyewe, hata mimi nimepigia picha pale."

Nikakaa chini. Siyo kwenye kiti, chini kabisa, juu ya nywele za watu.

Bangwe! Kutoka kibandani kwangu mpaka Bangwe ukipanda bajaji hujamaliza kula karanga umeshafika. Miezi yote ile mtu ananizuia kusafiri, ananiambia bahari imechafuka, kumbe tunakunywa maji ya ziwa moja.

Na mambo yakaanza kujipanga kichwani. Ndiyo maana mvua ikinyesha hapa, yeye "mtandao unasumbua". Ndiyo maana siku umeme ulipokatika mji mzima, naye simu ikaisha chaji. Ndiyo maana siku moja aliniambia amekula mgebuka, samaki wa ziwa letu, nikauliza Zanzibar wanapata wapi mgebuka, akasema "tunaletewa".

Wanaletewa!

Nikataka kupiga simu nimtukane. Yasmini akaninyang'anya.

"We mjinga? Mtu kama huyu hatukanwi. Mtu kama huyu anaendewa."

"Kuendewa wapi?"

"Zanzibar," akasema, akaangua kicheko.

Mchongo ukasukwa palepale pamoja na nywele za Marcelina.

Jioni nikampigia nikiwa na sauti tamu kuliko asali ya Kibondo. "Leo, nimeshakata tiketi. Jumamosi ijayo nashuka bandarini Unguja. Njoo unipokee."

Kikohozi kilekile.

"Leo?"

"Bibiana... lakini ni masika."

"Nitabeba mwavuli."

"Barabara za kule ufukweni zinajaa maji."

"Nitavaa ndala."

"Hoteli nyingine zinafunga kabisa."

"Si nitalala kwenu? Uliniambia nyumba yenu inatazama bahari."

Aliguna, mguno wa mtu aliyekanyagwa kidole. Mimi nimeziba mdomo kwa kitenge, machozi yananitoka kwa kucheka.

Siku zilizofuata alinitumia kila aina ya habari ya hali ya hewa. Mawingu, mishale, rangi nyekundu. Mara kuna mawimbi, mara mbu wa masika wana hasira kuliko mbu wengine. Mimi najibu tu: "Tutaonana Jumamosi, mpenzi."

Halafu katikati ya wiki akatulia. Akaandika maneno machache: "Sawa. Njoo. Nitakuwepo."

Yasmini akasoma, akapiga makofi. "Huyo ameshatafuta uongo wa mwisho. Jumamosi atakwambia yuko Pemba kikazi, au amelazwa. Sisi tutakuwa mlangoni kwake."

Kiukweli ile meseji ilinigusa mahali. Ilikuwa fupi mno. Leo alikuwa mtu wa maneno. Lakini nilishapanda kwenye utani, kushuka siwezi.

Jumamosi nikavaa gauni langu la njano nililojishonea kwa ajili ya Zanzibar ya kweli. Yasmini akaniremba. Tukachukua begi la magurudumu la shangazi yake, tukalijaza vipande vya vitambaa vilivyobaki kibandani ili lionekane zito. Nikaning'iniza na miwani ya jua kichwani, japo mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria.

Mama akanikuta mlangoni na begi. "Unakwenda wapi?"

"Zanzibar. Narudi mchana."

Aliingia ndani kuomba, nadhani.

Bajaji ikatushusha Bangwe, tukauliza kwa Mama Veneranda, tukaonyeshwa nyumba moja ya matofali kwenye mteremko, ziwa linaonekana kati ya migomba. Nikalivuta lile begi juu ya mawe, magurudumu yanapiga kelele, watu wanatoka kuchungulia. Yasmini nyuma yangu ameshika simu tayari kurekodi.

Mlangoni alikuwepo mama mmoja mfupi, mnene kiasi, anapeta mchele.

Nikashusha miwani, nikasema kwa madaha yangu yote:

"Hodi! Shikamoo mama. Samahani, hapa ndio Zanzibar?"

Yule mama akaacha kupeta. Akanitazama, akalitazama begi, akanitazama tena.

"Marahaba, mwanangu. Hapa ni Bangwe." Akasema kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgonjwa. "Zanzibar amekwenda Leodgar."

Nikadhani sijasikia.

"Amekwenda wapi?"

"Zanzibar. Ameondoka na treni juzi kati. Kuna mchumba wake anamfuata huko, wanakutana leo. Kwani mlikuwa na shida naye? Karibuni ndani, mvua inakuja."

Yasmini simu ikamshuka mkononi.

Nikaingia ndani kwa sababu nilikuwa natafuta pa kukaa.

Mama Veneranda akatuwekea chai, akaanza kusimulia kwa raha zake, maana hakujua anamsimulia nani. Akasema Leodgar hajawahi kuvuka Uvinza maisha yake yote. Akasema alikuja jioni moja amekonda uso, akasema, mama, kuna mtu anakuja Zanzibar na mimi nilimwambia niko huko, nisipokwenda atasimama bandarini peke yake kwenye mvua na hamjui mtu. Akamwomba bosi wake wa barafu ruhusa, akaazima koti la mvua la mjomba, akaondoka.

"Nikamwambia, si umpigie tu umwambie ukweli?" Mama Veneranda akatikisa kichwa. "Akasema, mama, yule tiketi ameshakata. Ukweli nitamwambia akiwa ananitazama."

Nilimeza chai ikapita njia ya maji, njia ya hewa, sijui.

"Hapa kwetu hakuna aliyewahi kuiona bahari," akaendelea. "Sasa ndiyo huyo binti kampandisha treni. Hata simjui, lakini namshukuru. Anaitwa Bibiana. Anasema ni wa Kigoma hapahapa. Mnamfahamu?"

Yasmini akaangalia dari.

"Namfahamu kidogo," nikasema.

"Ni mtu mzuri?"

Aisee. Nimewahi kuulizwa maswali magumu, ila lile!

"Ana utani mwingi," nikajibu.

Kabla hajasema neno simu yake ikalia pale juu ya stuli. Simu ya video. Mama Veneranda akaifuta kwa kanga, akaibonyeza, akaishika mbali kama wanavyoshika wamama.

"Mama, shikamoo!" Sauti ileile. Sauti yangu ya kila siku. "Mama, boti zimeshashusha watu wote, sijamwona. Simu yake haipatikani. Nina wasiwasi, isije ikawa amepatwa na kitu njiani."

Simu yangu nilikuwa nimeizima makusudi, ili nimfanyie sapraizi mlangoni.

Nikainua macho. Kwenye kioo nikamwona. Bila kofia, bila miwani. Uso wa kawaida, macho makubwa, maji yanamchuruzika puani. Koti la mjomba limemzidi, mikono imefunika vidole. Nyuma yake watu wanakimbia na mabegi vichwani, na mvua inamwagika kama mtu amepindua pipa. Kifuani ameshika kipande cha boksi. Kimeandikwa BIBIANA. Wino umelowa, umeteremka mpaka kwenye vidole vyake.

Alikuwa Zanzibar kweli.

Na mimi nilikuwa Bangwe, nakunywa chai kwa mama yake.

Kicheko chote nilichokuja nacho sikukiona kilikokwenda. Nilitaka nijifiche nyuma ya mlango. Lakini Mama Veneranda, katika kuipindua simu ili aone vizuri, akanigeuzia mimi.

Leo akaganda. Nikadhani mtandao.

"Bibiana?"

"Ni mimi."

"Hapo... hapo si ni kwetu?"

"Ni kwenu."

Mama Veneranda akanigeukia taratibu, akaweka mkono mdomoni.

Nikasema yote palepale, mbele ya mama mtu. Kwamba niliisikia honi. Kwamba Marcelina aliutambua ukuta. Kwamba sikukata tiketi yoyote, nilikuja kumwumbua. Nilisema huku nalitazama lile boksi linavyolegea kwa maji.

Nilitegemea akate simu. Angekata nisingemlaumu.

Akajifuta uso kwa mkono wa koti. "Kwa hiyo ulijua tangu siku ya honi?"

"Ndiyo."

"Na ukaniacha nikutumie habari za mbu?"

Yasmini akashindwa, akacheka. Akaanza yeye, akafuata Mama Veneranda, mwishowe hata yule wa kwenye mvua akacheka. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa zamu.

Ndipo akanieleza. Ana rafiki yake waliosoma wote, Bariki, anatembeza wageni kule Unguja. Bariki kuandika hajui, ila misimu anaijua. Leo misimu hakuijua, ila kuandika anajua. Wakaufungua ukurasa pamoja. Watu wakawa wanauliza, uko wapi? Akawa anajibu Zanzibar, maana nani atamsikiliza mtu wa Bangwe akimweleza habari za bahari?

"Halafu ukaja wewe," akasema. "Neno lako la kwanza, niko Kigoma. Nikafurahi, nikataka kusema hata mimi! Neno lako la pili, wanaume wa Kigoma umewachoka."

Nikainamisha kichwa.

"Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa msimu wa wageni. Keshokutwa ikawa vuli."

Yule mzazi alikuwa ametusikiliza muda wote bila kuingilia. Sasa akaichukua simu yake.

"Leodgar."

"Naam, mama."

"Umekula?"

"Bado."

"Kale. Na usirudi. Umekaa unawaambia watu waende huko, na wewe hata hujakaa ukaona. Tulia hukohuko kwa Bariki." Akakata.

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe. Fungua begi hilo."

"Mama, hilo begi..."

"Fungua."

Nikalifungua. Vikamwagika vipande vya vitenge, lesi, mikono ya magauni, kola za mashati. Akaokota kola moja, akaigeuza.

"Hizi ndizo nguo za kwenda kwa mchumba?"

Nilitamani ziwa lipande lile teremko linichukue.

"Nenda nyumbani ukalijaze vizuri," akasema. "Na mimi nitajaza langu. Mtoto wangu hawezi kulowa bure. Tunakwenda wote wawili."

Nyumbani nilimkuta mama yangu ananisubiri. Nikamweleza kila kitu, nikijua nitasemwa. Alipoelewa kwamba Mzanzibari wangu ni wa Bangwe alicheka mpaka akaishika nguzo ya mlango. Kila akitaka kusema kitu anarudi kucheka.

"Kwa hiyo miguu anayo," akasema mwishowe.

"Anayo, mama."

"Tena ameitumia kuliko nilivyotaka. Haya, nenda. Ukiwa na mama yake sina wasiwasi. Feliksi nitaongea naye mwenyewe."

Tukapanda treni. Safari ya Kigoma mpaka Dar na Mama Veneranda ningeweza kuisimulia peke yake. Kila stesheni alishuka kuuliza bei ya vitunguu. Njia nzima alinichunguza bila kuniuliza kitu: navyokula, navyolala, navyomjibu kondakta. Mara mojamoja anacheka peke yake dirishani, anasema, "Hapa ndio Zanzibar!" halafu ananipiga bega.

Kwenye boti ya kwenda Unguja mawimbi yalikuwa yale Leo aliyonitishia. Watu wazima na tai zao wanatapika kwenye mifuko. Mama Veneranda, aliyezaliwa na ziwa mlangoni, amekaa katikati anakula ndizi.

"Hawa wamekuwaje?" akaniuliza.

Leo alikuwa palepale bandarini. Mvua ileile, koti lilelile. Alimpa mama yake shikamoo, akampokea begi, halafu akasimama mbele yangu akakosa maneno. Mtu aliyeniandikia usiku na mchana mwaka mzima, amekuwa bubu.

Na mimi bubu. Nilikuwa nimezoea kuongea naye nikiwa siuoni uso wake.

Mwishowe akasema, "Msimu umeuonaje?"

"Mbaya sana."

"Nilikwambia usije masika."

Hapo ndipo nilipomkubali, sikufichi.

Tukakaa kwa mama yake Bariki, mtaa wa ndani kabisa, nyumba isiyotazama bahari wala nini. Asubuhi mvua, jioni mvua. Hoteli kubwa zimefungwa, ufukwe mtupu, mbwa mmoja na sisi. Nilikanyaga mchanga mweupe nikiwa na mwavuli. Mama Veneranda alichovya kidole baharini, akaonja, akatema.

"Wamemwaga chumvi humu! Sasa wanakunywa nini?"

Siku moja mchana mawingu yakafunguka ghafla. Bahari ikageuka rangi ambayo sijawahi kuiona hata kwenye kitambaa, na mimi vitambaa nimeona vingi. Hakukuwa na mtalii, hakukuwa na muuza shanga, hakuna wa kutusukuma. Leo alikuwa amesimama hajui hata kupiga picha. Mwaka mzima ameieleza ile rangi kwa watu, na ndiyo kwanza anaiona.

"Niliandika vibaya," akasema kwa sauti ndogo. "Siyo hivi nilivyoandika."

Nilimshika mkono wa lile koti, maana vidole vyake bado havikuonekana.

Tuliporudi mjini jioni ile aliandika kwenye ukurasa wake ukweli wote. Yeye ni nani, anafanya kazi wapi, na kwamba ndiyo wiki yake ya kwanza kuiona bahari. Bariki alidhani wamekwisha. Wengine kweli waliondoka, na matusi wakaacha. Lakini wengi walibaki, wakawa wanauliza swali jipya: "Na Bangwe tuje mwezi gani?"

Anawajibu. Siku hizi anawaambia kiangazi ziwa linavaa ukungu huwezi kuona ng'ambo, ila njoo mvua ikikatika uone milima ya Kongo ilivyo karibu, kama ukuta wa jirani. Hilo anaandika kwa kuangalia dirishani.

Tulifunga ndoa Agosti. Mama zetu siku hizi ni marafiki kuliko sisi, wananiteta mbele yangu. Feliksi naye alioa kabla yetu, tena gauni la bibi harusi nililishona mimi, na akanilipa kwa tabasamu la mtu aliyeponea chupuchupu.

Nimeisimulia hii kwa sababu kuna dada mmoja ameniandikia wiki hii kwamba kuna mtu anamwambia kila siku "siyo sasa". Hakusema ni wa wapi.

Dada yangu, ukichoka kupangiwa tarehe, panga ya kwako umtajie. Utamjua.

Ila kabla hujamtajia, hakikisha na wewe unakwenda kweli. Wapo wengine wanafika.